Betri Juu ya Bati

Jumatatu, 3 Februari

Ukungu asubuhi, kama kawaida ya Tlawi. Kukamua, chai, uji wa baba, dawa ya presha ya baba, kugombana na baba kuhusu koti. Hatimaye amelivaa. Kisha chaja. Umeme upo.

Betri moja imeshaonyesha taa ya kijani, nyingine bado nyekundu. Neema, binti yangu, alituma mzigo huu kutoka Dar kabla ya Krismasi: drili ya betri, mashine ndogo ya kukatia ua, betri mbili zinazoingia kwenye mashine zote, na chaja. Nilimwambia angetuma sukari. Sasa nazilinda hizo betri kuliko mayai.

Leo mlango wa mbele. Ulikuwa unakwama chini, baba anausukuma kwa bega. Hapo hapo kizingitini ndipo alipoanguka Novemba, akavunjika mkono wa kushoto. Nimetoa skrubu fupi za bawaba, nimeweka ndefu. Drili inanguruma kidogo tu, kazi imekwisha. Sasa mlango unafungika kwa kidole kimoja. Nimeufungua na kuufunga mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Baba alikaa kwenye kigoda akitazama. Drili anaiita nyigu. Anasema nyigu wangu ana hasira kama mimi. Mlango huu aliuchonga yeye mwenyewe kabla sijazaliwa. Alipitisha kidole juu ya skrubu mpya, akaenda kuangalia ndama.

Jumatano, 5 Februari

Kaka Damiano amepiga simu kutoka Arusha. Shikamoo kaka, marahaba, mzee anaendeleaje, kisha moja kwa moja kwenye jambo lake. Misa ya kumbukumbu ya mama ni Jumamosi ya tarehe 22. Atakuja na gari. Akikuta hapa kwetu bado ni mtego, neno lake hilo, mtego, atarudi na baba Arusha. Chumba kiko tayari. Kina vigae.

Sikumjibu vibaya. Ni kaka mkubwa, na si kwamba anakosea kwa yote. Njia ya kwenda chooni ni mteremko, mvua ikinyesha ni utelezi mtupu, na baba hataki kusikia habari ya ndoo chumbani. Lakini namjua baba. Arusha atakaa kwenye kochi, atatazama ukuta, atauliza kama ng'ombe wamekunywa maji. Hatamaliza mwaka. Nimeshaandika, basi.

Na mimi nitabaki na nani humu? Hilo nalo niliandike.

Mpango: reli ya kushikilia, kutoka mlangoni mpaka chooni. Nguzo zipo nyuma ya zizi, mikaratusi aliyoikata baba akiwa bado na nguvu. Ngazi za mbao pale penye mteremko. Kupunguza ua wa minyaa uliovamia njia.

Baba alisikia simu yote. Huwa kiziwi anapotaka mwenyewe. Jioni hakula.

Jumamosi, 8 Februari

Siku ya minyaa. Mashine ya ua ni raha. Unaipitisha, matawi yanaanguka yenyewe. Ila utomvu wa mnyaa hauna utani, ukiingia jichoni utalia mpaka kesho. Nimevaa miwani ya jua ya Neema, kanga puani na mdomoni, koti la mvua la baba. Jirani yangu Mama Sulle amepita njiani akanipa shikamoo. Tumelingana umri. Aliponitambua alicheka mpaka akaweka ndoo chini.

Mama alikuwa akiukata ua huu kwa panga kila mwaka kabla ya masika. Sisi watoto tulifukuzwa upande unakotokea upepo, utomvu usitufikie. Alikuwa mtu wa Masakta, kule chini tambarare, akisema kwao minyaa ina adabu, ya huku milimani ndiyo yenye kiburi. Leo nimejikuta nawafukuza kuku kwa maneno yake yale yale, mpaka sauti.

Baada ya kazi, usafi. Utomvu umegandia kwenye meno ya mashine, mweupe, unanata. Kwanza toa betri, hilo Neema amelirudia na kulirudia kwenye ujumbe wake wa sauti. Kisha kitambaa chenye mafuta ya taa, halafu tone la oili ya cherehani. Nimeshona sare za shule Babati maisha yangu yote, mambo ya oili sifundishwi. Amri nyingine za Neema: usiitumie betri mpaka ife kabisa, usiichaji ikiwa bado ya moto, usiiache juani. Sawa, mama.

Betri nimezilaza kwenye sanduku la mama, juu ya vitenge vyake, pembeni ya redio yake. Redio hiyo haijasema neno tangu mama aondoke. Baba hataki iguswe, hataki itupwe, hataki hata iwekwe betri. Nilipoisogeza kidogo kupata nafasi alinitazama mpaka nikairudisha.

Jumatano, 12 Februari

Nguzo zimesimama. Mume wa Mama Sulle alichimba mashimo, nikamlipa kwa maziwa. Leo nimeanza kufunga reli.

Mkaratusi mkavu ni chuma. Drili inalia, inanuka kuungua, skrubu inaingia nusu na kugoma. Moja imekatika kichwa. Betri iliyotosha mlango mzima leo imekwisha kwenye nguzo mbili. Nimeweka ya pili, nayo hivyo hivyo. Na umeme umekatika tangu mchana. Nimekasirika na kila mtu, hasa Damiano, ambaye hata hayupo.

Reli imefika karibu na tangi la maji, inaning'inia hapo kama mkono wa mtu aliyesahau alichotaka kusema. Choo kiko mbali.

Baba aliuliza mbona nyigu amenyamaza. Nikamwambia betri zimechoka. Nilitumia neno hilo hilo, zimechoka. Kwa Kiiraqw, lugha yetu.

Alhamisi, 13 Februari

Nina hasira. Niandike hivyo hivyo.

Nilikwenda Mbulu mjini asubuhi kutafuta skrubu ngumu zaidi. Nimezipata. Jua la leo lilikuwa kali, la kukausha mahindi. Nimerudi alasiri, nikakuta umeme umerudi, nikafurahi kama mjinga. Nikafungua sanduku la mama. Betri hazimo.

Baba alikuwa amekaa karibu na banda la ndama, fimbo mkononi, anafukuza kuku. Juu ya bati la banda, lile la chini ambalo hata yeye analifikia, betri zangu mbili. Zimepangwa vizuri, zimegeuzwa tumbo juu. Tangu nilipoondoka. Kuzishika nimeshindwa mpaka nikatumia kanga.

"Zilichoka," akasema. "Nimezianika."

Nimezichomeka. Chaja inapepesa taa nyekundu, inakataa. Zote mbili.

Nilimwambia amekuwa mtoto. Nilimwambia Damiano ana haki, aende Arusha akaanike huko kwenye vigae. Nilisema kwa Kiiraqw asije akajifanya hakusikia. Alisimama taratibu, akaingia ndani, akafunga mlango. Ulifungika kwa kidole kimoja.

Najua vizuri alichokuwa anafanya. Ndiyo maana hasira hainishuki.

Ijumaa, 14 Februari

Alfajiri betri zimepoa. Zilikuwa baridi kama mawe ya mtoni. Ya kwanza nimeiweka kwenye chaja: nyekundu, ikatulia. Nimekamua, nimerudi, ni ya kijani. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Ya pili imepepesa, imekataa. Nimeijaribu tena baada ya chai, imekataa. Imekufa.

Nimempigia Neema. Hakucheka, au alicheka pembeni ya simu. Kasema joto la jana lilizidi, na ile iliyokufa nisiirudishe kwenye chaja kabisa, niiweke mbali na nyumba, kivulini, mpaka atakapokuja kuichukua. Nimeiweka kwenye kopo, kule linakokaa jiwe la chumvi la ng'ombe. Mjini aina hii haipo. Basi, betri moja. Misa ni wiki ijayo.

Sasa lile jambo la kuanika. Niliandike, maana Neema halijui.

Redio ya mama ilikula betri kubwa nne. Zikichoka, sauti inakuwa ya mtu aliyefunikwa blanketi. Kununua mpya ilikuwa hadi siku ya mnada. Kwa hiyo baba alizitoa asubuhi kabla ya kwenda shamba, akazipanga juu ya bati la banda, na mimi ndiye nilikuwa mlinzi wake. Kuku walizidonoa. Mbuzi walitaka kuzilamba. Mchana nazigeuza upande wa pili kama mtu anayechoma viazi. Jioni baba anarudi, anazishika moja moja, anaziweka shavuni kupima joto, kisha anazirudisha kwenye redio. Na redio inasema! Si kwa muda mrefu. Lakini inatosha kipindi cha salamu, na mama alikipenda kuliko chakula. Alikaa karibu kabisa, mikono kwenye mapaja, akisubiri majina ya watu wa Masakta. Siku moja likasomwa jina lake mwenyewe. Paulina wa Tlawi, popote alipo. Mama alisimama. Akasema, nipo hapa.

Salamu zile nani alizituma hatukujua. Baba hajui kuandika vizuri, lakini siku hiyo alikuwa ametoka nje kukata kuni ambazo hazikuhitajika.

Ndiyo anachokijua kuhusu betri. Kitu kimechoka, unakipa jua, unakaa nacho usikiache peke yake, jioni kinasema.

Sikumwomba radhi. Nimempikia ugali na maziwa ya mgando. Amekula, akaniachia utando wa juu kama zamani.

Jumatatu, 17 Februari

Asubuhi nimemkuta baba stoo, amepiga magoti, anavuta kitu chini ya magunia. Keekee yake. Ile ya kuzungusha kwa mkono, yenye kifundo cha mti juu na mpini uliopinda katikati. Imeota kutu kidogo tu. Meno yake aliyapaka mafuta ya kondoo siku aliyoiweka, nani ajuaye lini.

Alinyoosha kidole kwenye nguzo iliyovunja skrubu yangu. Kasema huo mti hautaki kuchomwa, unataka kwanza kufunguliwa mlango. Nyigu aingie baadaye.

Tumefanya hivyo. Tundu kwanza kwa keekee. Kisha skrubu anaisugua kwenye kipande cha sabuni ya kufulia, ananipa, na mimi naizamisha kwa drili, polepole, kwa mwendo mdogo. Inaingia kama kwenye ndizi. Betri ile moja imefanya kazi mpaka alasiri na bado ilikuwa na taa mbili za chaji. Kumbe kinachoila betri ni mti kukataa, siyo kazi yenyewe.

Lakini jambo la leo si betri. Zamani, nikiwa mtoto, baba aliegemeza kifua chake juu ya kifundo cha keekee, akakandamiza kwa uzito wake wote, na mimi nikazungusha mpini. Nilikuwa nazungusha kwa mikono miwili. Maranda yanatoka yamejikunja, nayaokota, navaa masikioni kama hereni. Leo ameweka kifua kama zamani, na keekee ikateleza juu ya mti bila hata kukwaruza. Hana uzito. Koti lote lile na ndani hakuna mtu.

Tukatazamana. Nikamwondoa taratibu, nikaweka kifua changu. Akashika mpini kwa mkono mzima, akazungusha. Kifundo kimenikaa hapa juu ya titi, pameumia, kesho patakuwa na alama. Nimelia kidogo, nikiwa nimeinama. Hakuona, au alikuwa kiziwi.

Reli imevuka tangi.

Jumatano, 19 Februari

Mvua, na si wakati wake. Tangu usiku. Drili nimeifunga kwenye mfuko na kuiweka kabatini, isipate unyevu. Njia ni matope. Umeme hakuna. Betri ina taa moja.

Reli imebakiza nguzo ya mwisho, ile ya karibu na choo. Ngazi hazijaanza. Damiano anakuja keshokutwa.

Baba kaenda chooni peke yake nikiwa jikoni. Nilipotoka nilimwona amefika mwisho wa reli, pale inapoishia, amesimama mvuani, hajui ashike nini. Nilikimbia. Viatu vyangu vimebaki kwenye matope. Tulirudi tumeshikana.

Naogopa. Sijui Damiano angeona hilo angesema nini. Najua. Angemfungia begi.

Ijumaa, 21 Februari

Tumemaliza. Jana jua lilirudi, umeme ukarudi jioni, na leo tangu asubuhi keekee na drili, keekee na drili. Mama Sulle ameshika mbao za ngazi zisiteleze, huku akiniamkia shikamoo kila ninapomgeukia. Skrubu ya mwisho baba alitaka kuizamisha yeye. Nikampa drili. Akaishika kama kifaranga, kwa woga, akabonyeza. Nyigu alinguruma, skrubu ikazama, baba akaruka nyuma, kisha akacheka. Sijamsikia akicheka hivyo tangu tumzike mama.

Mama mdogo wa Masakta amefika mchana na kuku wawili. Damiano amefika jioni. Shikamoo baba. Shikamoo kaka. Mzunguko wa kuangalia ukaanza kabla hata ya chai. Amefungua mlango, ameufunga. Amekanyaga ngazi moja moja, kwa nguvu, kama mtu anayetaka zivunjike. Ameitikisa reli kwa mikono miwili. Haikutikisika. Akauliza fundi nani. Nikasema fundi ni baba. Akadhani namtania.

Giza lilipoanza kuingia alitoka kwenda chooni, bila tochi. Nilikuwa nachota maji. Nimemwona akirudi, mtu mzima wa miaka sitini na ushee, tumbo mbele, mkono juu ya reli njia nzima.

Jumamosi, 22 Februari

Misa imekwenda vizuri. Kaburi la mama limepakwa chokaa, maua yamewekwa. Jumuiya yote ilikuja. Makande, nyama, soda. Katekista aliimba vibaya kama ilivyo kawaida yake, na mama angemcheka.

Baada ya watu kupungua Damiano akaanza. Mbele ya mama mdogo, mbele yangu. Kwa heshima, siwezi kusema vingine. Baba, chumba kipo, hospitali iko karibu, Fausta naye apumzike, yaani mimi. Nilikuwa na maneno mengi, nilikuwa nimeyapanga tangu siku ile ya simu. Nikaanza kukusanya sahani.

Baba alikuwa akitazama zizi, nikadhani ameamua kuwa kiziwi. Kisha akaigonga reli kwa fimbo yake, maana alikuwa amekaa karibu nayo.

"Mmenijengea fimbo ndefu namna hii," akasema. "Nikienda Arusha nitaipakia wapi?"

Mama mdogo ndiye aliyecheka kwanza. Damiano akajaribu kujizuia, akashindwa, akafuta macho. Baadaye akasema sawa, mzee abaki kwanza. Hilo neno kwanza nimelisikia. Siyo la milele, najua. Lakini leo begi halikufungwa. Nilikwenda jikoni nikakaa juu ya kuni.

Jumatatu, 24 Februari

Wageni wameondoka wote. Kukamua, chai, uji, dawa, koti. Jua zuri.

Nimesafisha vitu. Drili nimeipuliza vumbi la mti, nimefuta biti kwa oili, kila kitu kwenye mfuko wake. Keekee baba aliifuta mwenyewe, kwa mafuta ya kondoo. Betri nimeiweka ikiwa nusu, haina kazi kwa sasa, Neema kasema ndivyo inavyopumzika. Nilimwambia baba, kwa upole safari hii, kwamba betri za siku hizi hazitaki jua. Akasema amesikia. Akauliza, na zile za zamani? Nikasema za zamani zinataka.

Nilikwenda kisimani. Niliporudi alikuwa amekaa karibu na banda la ndama na fimbo yake, anafukuza kuku. Juu ya bati, betri nne kubwa za redio. Sijui alikuwa amezificha wapi muda wote huu. Nikataka kumwambia kwamba baada ya mwaka mzima haziwezi kuwa na kitu. Nikaweka ndoo chini, nikavuta kigoda kingine. Mchana nikazigeuza upande wa pili.

Jioni amezishika moja moja, akaziweka shavuni. Kisha akaenda kwenye sanduku la mama akatoa redio. Mkono wa kushoto bado hauna nguvu, nikamfungulia kifuniko cha nyuma tu, mengine kafanya mwenyewe.

Imesema. Mtu mmoja, mbali, kama amefunikwa blanketi. Hatukuelewa anasema nini, bei ya mazao labda. Tumekaa karibu kabisa, mpaka ikanyamaza. Baba ameizima, akaifuta vumbi, akaiweka mezani, siyo sandukuni.